Mashine ya kuoshea kwa presha kwenye nyumba ya pwani: tuliyonunua Mikindani na tunavyoitunza

Kama unakaa karibu na bahari, una gari moja au mawili, kibaraza cha zege na uwanja wa pevingi, nunua mashine ya umeme yenye mota isiyotumia kaboni (vile vipande vinavyosugua ndani ya mota kuipelekea umeme), kichwa cha pampu cha chuma badala ya plastiki, na inayotoa maji yasiyopungua lita 6 kwa dakika. Namba kubwa ya bar (kipimo cha presha) iliyochorwa kwenye boksi isikuvute. Huo ndio msimamo wangu, na nausimamia kwa sababu mashine tuliyo nayo hapa Mikindani imeshapita masika na kiangazi, upepo wa kusi na wa kaskazi, na bado inawaka kama siku tuliyoitoa dukani.

Nieleze kwanza kazi tunazoipa. Tunakaa kwenye nyumba ya bibi yangu, kilomita kama kumi kutoka Mtwara mjini. Mbele ni ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe na chokaa, nyuma tumeongeza vyumba vya tofali za saruji. Mume wangu ana pikapu inayopanda Tandahimba na Newala msimu wa korosho, na inaporudi vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye bawaba za milango. Shemeji yangu ana bajaji. Na kule nyuma, chini ya mwembe, zege halikauki tangu Desemba mpaka Aprili. Linaota utelezi wa kijani ambao mama mkwe huuvuka kwa kushika ukuta. Kwa kweli ni ule utelezi uliotufanya tununue, maana gari lingeweza kuendelea kuoshwa kwa ndoo na sponji.

Sasa hizo bar. Mashine nyingi za nyumbani zina namba mbili kwenye kibandiko chake: presha ya juu kabisa na presha ya kazi. Boksi hukuonyesha ya kwanza, kwa maandishi makubwa. Mkononi mwako utapata ya pili. Yetu imeandikwa bar 140 ya juu na bar 100 ya kazi, lita 6 kwa dakika, wati 1,800. Bar 100 inatosha kabisa nyumbani, na kwa rangi ya gari inabidi hata uipunguze kwa kusogea mbali. Presha hubandua uchafu, lakini kinachouondoa pale ni wingi wa maji. Watazame vijana wanaoosha magari kule mjini: pampu zao za pistoni tatu, zinazovuta maji kutoka kwenye pipa, zina presha ndogo kuliko hizi zetu lakini zinamwaga maji mengi, ndiyo maana tope la chini ya lori linadondoka kwa mapande. Ukikuta mashine inajisifu kwa bar nyingi na lita 4 kwa dakika, utakuwa unachora mistari kwenye zege mpaka jua lizame.

Angalia pia lita zimeandikwa kwa dakika au kwa saa. Kärcher, kampuni ya Ujerumani iliyoanzishwa mwaka 1935 na ambayo mwaka 1984 ilitoa mashine yake ya kwanza ndogo ya kubebeka kwa ajili ya nyumbani, huandika kwa saa. K 2 yao ni wati 1,400, presha ya juu bar 110, lita 360 kwa saa. Gawa kwa 60 unapata lita 6 kwa dakika. K 5 ni bar 145 na lita 500 kwa saa, yaani lita 8 na kidogo kwa dakika, na mota yake hupozwa na maji yaleyale yanayopita. Sisi hatukununua ya kwao, lakini hesabu hii nimeifanya kwa kila mashine niliyoonyeshwa dukani, na inasaidia kuzilinganisha bila kusikiliza maneno mengi.

Mota ndiyo iliyonifanya nitembee maduka. Mashine nyepesi, zile unazoinua kwa mkono mmoja, nyingi zina mota ya kaboni: inazunguka kwa kasi sana, inapiga kelele, na zile kaboni zinaisha kadiri inavyofanya kazi. Mota ya indakshoni haina kaboni. Ni nzito, inaguruma kwa sauti ya chini, inagharimu zaidi, lakini vitu vya kuchakaa ndani yake ni vichache. Kwa nyumba ya bara, inayoosha gari moja Jumapili, ya kaboni inafaa. Kwa pwani yetu, ambako hewa yenyewe ina chumvi na kila kitasa kinashika kutu, nilitaka kitu chenye sehemu chache za kuharibika. Duka la kwanza karibu na soko kuu nilimuuliza muuzaji, "Kaka, hii ina kaboni au haina?" Akanijibu, "Dada, zote ni moja, tofauti ni rangi tu." Nilimshukuru nikaondoka. Duka la pili yule baba aliifungua mbele yangu, akanionyesha kibandiko, akanitajia na uzito wake kabla sijauliza. Nililipa zaidi ya laki tano. Za kaboni zilikuwa karibu nusu ya hapo.

Fundi wetu wa mota, mzee wa Chikongola ambaye nilimpigia simu nikiwa bado dukani, aliniambia jambo moja tu: "Mwanangu, muulize kichwa cha pampu ni cha nini." Kichwa cha plastiki kinaweza kupasuka kwa joto mashine ikiachwa inawaka bila kubonyeza bunduki, yaani mkono wa kurushia maji. Cha alumini kinavumilia, cha shaba kinavumilia zaidi na hakisumbuliwi sana na chumvi. Yetu ni alumini.

Haya, umeshanunua. Kinachoua mashine hizi mapema, kwa nilivyoona mtaani kwetu, ni kiu. Pampu ikiomba lita 6 na mpira ukaleta 4, inavuta hewa, inatetemeka, inapiga kelele kama ina kokoto ndani, na sili (vile vimpira vya kuzuia maji yasivuje) zinaungua. Watu wengi tuna simtanki juu ya mnara wa mita mbili au tatu. Kila mita kumi za kimo hukupa takriban bar 1, kwa hiyo mnara wa mita tatu unakupa 0.3 tu. Hayo yanatosha kama mpira ni mnene na mfupi. Hayatoshi kama umeunga mpira mwembamba wa nusu inchi unaozunguka nyumba nzima. Fanya jaribio kabla ya kuunganisha: chukua ndoo ya lita 20, fungua mpira, tazama saa. Ijae ndani ya dakika mbili, au upesi zaidi ya hapo. Ikichukua dakika nne, tafuta mpira wa robo tatu inchi au sogeza mashine karibu na tanki. Sisi tumeweka koki mpya chini ya tanki kwa ajili yake peke yake.

Baadhi ya mashine zinaweza kuvuta zenyewe kutoka kwenye pipa. Soma kitabu chake kwanza, na kama inaruhusu, jaza mpira wa kuvutia maji kabla ya kuwasha, mwishoni mwake weka chujio. Lakini maji yawe matamu. Visima vingi vya huku pwani vina maji ya chumvi, na chumvi ikibaki ndani ya pampu inakula springi na vali kimyakimya. Kama huna budi kutumia ya kisima, dakika chache za mwisho malizia kwa maji ya bomba. Sisi tunapokea ya MTUWASA, mamlaka ya maji ya Mtwara, tunayaweka akiba tanki likijaa, na siku maji hayajatoka hatuoshi. Hesabu yenyewe si ya kutisha: nusu saa ya kubonyeza mfululizo ni lita 180, yaani ndoo tisa. Pikapu nzima haifiki hapo.

Kuwasha kuna utaratibu wake, na nyumbani kwetu kila anayeishika ameufundishwa. Unganisha mpira, fungua koki, bonyeza bunduki huku umeme umezimwa mpaka maji yatoke bila mapovu wala kukohoa. Hapo hewa imetoka. Ndipo uwashe, kidole kikiwa bado kwenye bunduki, ili mota isianze ikiwa imebeba mzigo. Hili lina maana zaidi jioni, umeme unapopungua kila nyumba ikiwasha vitu. Mota ya indakshoni ikikosa nguvu ya kuanza, inanguruma bila kuzunguka, na inachemka haraka. Zima papo hapo. Usiseme ngoja itashika. Sisi tunaosha asubuhi, umeme ukiwa umetulia. Waya wa ekstensheni uwe wa milimita mraba 2.5, ukunjuliwe wote hata kama ni mrefu kuliko unavyohitaji, kwa sababu ukikaa umeviringwa unapata moto. Maungio yakae juu ya kiti au tofali, si kwenye maji. Na soketi ya nje iwe na swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja. Hiyo mlipe fundi umeme, usijibahatishe. Kuhusu luku, wati 1,800 kwa nusu saa ni uniti 0.9, haifiki hata uniti moja.

Nozeli huja na rangi, na rangi hizo zinafanana kwa mashine nyingi: nyekundu ni nyuzi 0 za upana wa maji yanavyotawanyika, njano 15, kijani 25, nyeupe 40, nyeusi ni ya sabuni. Nyekundu nimeifungia kabatini. Inatoa maji kama sindano, inachimba zege, inachana mbao, na mtoto akiipata ni hatari. Gari letu linaoshwa kwa nyeupe, umbali wa sentimita 30 au zaidi, na kwenye matairi tunasogea nyuma zaidi, maana maji haya yanaweza kujeruhi ubavu wa tairi usione leo ukaona barabarani. Utelezi wa chini ya mwembe tunautoa kwa kijani, tunakwenda kwa mistari inayopandana kidogo, kutoka juu kuteremka. Kazi ambayo kwa brashi na mchanga ilikuwa inatuchosha wanawake watatu, sasa anaifanya mmoja kabla ya chai. Mama mkwe anakwenda bombani mwenyewe siku hizi bila kushika ukuta. Kwa hilo peke yake hela yetu imerudi.

Sasa niwaombe wenzangu wa Mikindani, na wa Kilwa na Lindi wenye nyumba kama zetu, kwa uzito wote nilio nao: msielekeze mashine hii kwenye ukuta wa mawe na chokaa. Chokaa ya zamani haikushikana kama saruji. Inapumua, inapitisha unyevu uingie na utoke, na ndiyo maana kuta hizi zimedumu kuliko tulizojenga jana. Maji ya presha yanaingia kwenye nyufa, yanalegeza plasta, yanapeleka unyevu ndani kabisa mwa matumbawe, na chumvi iliyolala humo inatoka nje ukuta ukikauka, ikibandua kila kitu njiani. Nimeona ukuta wa jirani uliooshwa hivi kwa nia njema kabla ya harusi. Siku ile uling'aa. Msimu uliofuata plasta ilianguka kwa mabamba na mawe yakabaki wazi. Ukuta wa bibi tunausafisha kwa brashi laini ya nyuzi na maji kidogo, kisha tunapaka chokaa upya. Ni kazi ya mikono na ya subira, na ukuta unastahili. Milango ya kuchonga vilevile: kitambaa chenye unyevu na brashi ya viatu, basi. Presha inanyanyua nyuzi za mbao na kufuta nakshi ambazo hakuna fundi wa kukurudishia.

Vingine vya kutovielekezea ni injini ya gari, hasa palipo na fyuzi na altaneta. Bajaji, kwenye kabureta, plagi na beringi za magurudumu. Mapezi ya kiyoyozi kile cha nje, ambayo hulala chini yote kwa sekunde moja. Paneli za sola. Na bati kwa kurusha maji kutoka chini kwenda juu, kwa sababu yanapenya kwenye maungio na kushukia dari. Chini ya gari, kwa upande mwingine, ndipo mashine inapojilipa: mume wangu akitoka Msimbati, ambako magari hupita mchangani kando ya bahari, pikapu inaoshwa tumboni siku hiyohiyo, kwa maji matamu, kwenye chasisi na ndani ya maficho ya matairi.

Usalama nitausema kwa kifupi lakini usiupite. Maji ya bar 100 yanaweza kutoboa ngozi. Kidonda kinaonekana kidogo kama cha mwiba, huku ndani yameingia maji na uchafu kwenye nyama. Hilo si la kupaka dawa na kungoja kesho, ni la kwenda hospitali saa hiyohiyo na kumweleza daktari kilichotokea. Vaa mabuti, si kandambili. Usimwoshee mtu miguu, hata kwa utani. Watoto na kuku wakae mbali.

Sabuni: itumike ya maji, kwa nozeli nyeusi. Ya unga isiyoyeyuka vizuri huganda kwenye kimpira cha kunyonyea. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo baadhi ya watu huimimina humo kuua utelezi. Inaharibu sili na oringi, zile pete za mpira za kwenye maungio. Ukitaka kuitumia kwenye zege, mwagia kwa ndoo, sugua, subiri, ndipo uoshe, na mbali na kisima.

Ukimaliza kazi, dakika tano za mwisho ndizo zinazoamua mashine itaishi muda gani. Pitisha maji safi peke yake mpaka sabuni iishe. Zima umeme, funga koki, halafu bonyeza bunduki mpaka itulie, maana presha iliyobaki ndani inakandamiza sili usiku kucha. Chomoa mipira, iinamishe mashine maji yatoke. Futa mwili wake kwa kitambaa chenye maji matamu, kisha kikavu, kwa sababu chumvi ya upepo hukaa juu yake hata kama haijagusa bahari. Mpira wa presha uviringe kwa duara kubwa, usiukunje. Ihifadhi ndani, juu ya ubao, si barazani kwenye jua. Na isikae miezi bila kuwashwa. Sili zikikauka hushikana. Hata kiangazi, tanki likiruhusu, tunaiwasha kidogo kila mwezi.

Chujio dogo lililo kwenye mdomo wa kuingizia maji lifungue mara kwa mara. Mchanga wa huku unapita kila mahali. Oringi zipake grisi ya silikoni, usitumie ile ya magari, inaweza kuzivimbisha. Na nozeli zifunike kwa mfuko au uzitie kwenye kopo lenye kifuniko. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda vitundu vya namna hiyo kuliko kitu kingine, na siku utakapowasha utadhani pampu imekufa kumbe ni nyumba ya nyigu. Pini nyembamba na maji kutoka upande wa mbele hutosha kuizibua.

Presha ikipanda na kushuka, anza na maji na chujio na nozeli kabla ya kumwita fundi. Mashine ikijiwasha na kujizima ukiwa hujagusa bunduki, kuna mahali panavuja, mara nyingi ni oringi. Kama pampu yako ina kidirisha cha oili na oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kupitia sili. Hiyo mpeleke fundi, usiendelee kuosha.

Mwisho ni vipuri, na hapa duka letu la pili silipi alama zote. Bunduki, nozeli na mpira wa presha wanazo. Sili za pampu hawana, inabidi ziagizwe Kariakoo na kuja kama kifurushi cha basi, safari ya zaidi ya kilomita 500. Kwa hiyo siku ya kununua, kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji akuonyeshe seti ya oringi na sili za mashine hiyohiyo. Akiwa nazo, nunua seti moja uiweke ndani. Akisema hazipo na hajui zinapatikana wapi, muulize kuhusu mashine nyingine iliyoko kwenye rafu, hata kama hiyo bar zake ni chache.